Uchovu Usioondoka kwa Usingizi: Kumhudumia Mwanamke Aliyeelemewa

Mwanamke wa miaka 41 anafika kituo cha afya akilalamika kuumwa kichwa, moyo kwenda mbio na mwili kukosa nguvu. Ni mara yake ya nne katika miezi mitano. Mara ya kwanza alipimwa malaria, haikuonekana, akapewa dawa za maumivu. Mara ya pili aliambiwa ana maambukizi ya njia ya mkojo, yale ambayo mitaani yamezoeleka kwa jina la yutiai. Mara ya tatu ikatajwa homa ya matumbo, naye akamaliza dozi nzima bila kuona nafuu. Safari hii mhudumu aliye zamu anamtazama, anatabasamu na kumwambia: "Dada, wewe ni mwenzetu, unajua mwenyewe. Umechoka tu. Nenda kapumzike." Ni mwenzao kweli: mwanamke huyo ni mkunga katika kituo hichohicho.

Mfano huu haumhusu mtu mmoja. Umeundwa kutokana na mambo yanayojirudia kliniki, ili usimfichue mgonjwa yeyote. Mhudumu wa nne hakukosea kusema kwamba mkunga huyo amechoka. Alikosea kwa mambo mawili. Aliutaja uchovu kana kwamba ni jibu, ilhali ulikuwa ndio swali. Tena alimpa ushauri usiotekelezeka, kwa kuwa nyumbani alikotumwa kupumzika ndiko iliko zamu yake ya pili. Huko anamsubiri mama mzazi aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi, watoto watatu, mume anayeshinda dukani hadi usiku, na marejesho ya kila wiki ya mkopo alioukopa kwa ajili ya ada.

Jina la hali hii na mipaka yake

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika kuhusu watumishi wa kliniki za bure nchini Marekani ambao, baada ya miezi ya kujitoa bila kipimo, walikuwa wakizimika kama mshumaa ulioisha nta. Wengi wao walikuwa ndio waliojituma kuliko wenzao. Baadaye Christina Maslach na Susan Jackson walitengeneza dodoso la kuipima hali hiyo, lililochapishwa mwaka 1981, ambalo linatumika hadi leo. Linaangalia mambo matatu: kuishiwa nguvu za mwili na za moyo; kujitenga na kuwaona watu anaowahudumia kama mzigo au namba za faili; na kuhisi kwamba kazi yake haina thamani wala tija. Kwa Kiswahili hali hiyo inaweza kuitwa uchovu uliokithiri.

Katika toleo la kumi na moja la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, Shirika la Afya Duniani limeueleza uchovu uliokithiri kuwa ni matokeo ya msongo sugu wa kazini ambao haukudhibitiwa. Shirika hilo limesisitiza mambo mawili: kwamba hali hiyo si ugonjwa, na kwamba jina hilo lisitumike nje ya mazingira ya ajira.

Sharti la pili lina mantiki ya kitaalamu, lakini kwa mwanamke wa Afrika Mashariki linaacha pengo. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba kazi za malezi na za nyumbani zisizolipwa humchukua mwanamke saa 4 na dakika 25 kwa siku, dhidi ya saa 1 na dakika 23 kwa mwanamume. Hizo ni saa zinazokuja baada ya ajira au biashara. Mama lishe anayeamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko hana mwajiri wa kumlalamikia, na anayemgeuza mgonjwa kitandani kila baada ya saa mbili hana cheti cha ajira. Mhudumu wa afya asisubiri mkataba wa kazi ndipo aukubali mzigo huo kuwa kazi. Akijaza jina la kitaalamu kwenye faili afuate orodha. Akimsikiliza mgonjwa ahesabu saa zote.

Kinachotokea mwilini

Mtu anapokabiliwa na tishio, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga homoni za tahadhari. Moyo huongeza kasi, sukari hupanda katika damu, misuli hukaza, usingizi hukimbia. Mpango huo ni mzuri kwa kumkimbia nyoka. Ukidumu miezi, huleta maumivu ya shingo na kichwa, kiungulia, shinikizo la damu lililopanda, usahaulifu na hasira za ghafla. Ndiyo maana mwanamke aliyeelemewa mara nyingi haji akisema "nimeelemewa". Huja na kichwa, tumbo au mgongo. Asipoulizwa zaidi, hutoka na dawa za kichwa, tumbo au mgongo.

Kabla ya kusema "ni uchovu tu"

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika, na yanafanyika pande zote mbili. Wapo wanaotibiwa maambukizi yasiyokuwepo, wapo pia wenye ugonjwa halisi wanaotulizwa kwa neno "msongo".

La kwanza kutazamwa ni damu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu uliofanyika Tanzania mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu, na dalili zake ni zilezile za mkunga wa mfano: kuchoka, moyo kwenda mbio, kichwa kuuma, kuishiwa pumzi akipanda ngazi. Kipimo hiki kipo hata katika vituo vingi vidogo. Mkunga huyo, aliyewachoma vidole mamia ya wajawazito kupima damu yao, hakuwa amepima yake kwa miaka miwili. Ilipopimwa ilikuwa 8.9.

Ikafuata hoja ambayo hakuna aliyeuliza katika ziara zote nne: hedhi yake. Ilikuwa ikidumu siku nane, yenye mabonge, na alikuwa amezoea kuvaa nguo nyeusi siku hizo. Ultrasaundi ilionyesha uvimbe katika kizazi, yaani fibroidi. Wanawake wengi huona hedhi nzito kuwa fungu lao tangu ujana, hawaitaji mpaka waulizwe kwa maneno yaliyo wazi: inadumu siku ngapi, unabadilisha pedi au kitambaa mara ngapi kwa siku, je, inavuja hadi kwenye shuka?

Baada ya damu yapo mengine ya kupima kwa kufuata dalili, wala si kwa kupima kila kitu kwa kila mtu: ujauzito, sukari, shinikizo la damu, tezi ya thairoidi iliyopo shingoni, maambukizi ya VVU, na kifua kikuu kwa mwenye kukohoa au kupungua uzito. Mwanamke aliye katika miaka ya arobaini na kitu aulizwe kuhusu joto la ghafla na kutokwa jasho usiku, kwani mabadiliko ya kuelekea ukomo wa hedhi huvunja usingizi vibaya sana.

Kisha sonona. Uchovu uliokithiri na sonona hufanana kama mapacha, lakini huduma zake hazilingani. Kwa ujumla, aliyechoshwa na kazi hupata unafuu akiwa mbali nayo: akienda kijijini wiki moja hucheka, hula, hulala. Mwenye sonona huenda nayo hadi harusini. Kipimo hicho si cha uhakika, hasa kwa mwanamke ambaye hajawahi kukaa mbali na mzigo wake hata siku mbili, hivyo maswali ni lazima. Dodoso fupi linaanza na mawili: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na kukosa hamu au furaha ya kufanya mambo? Na ni mara ngapi umejisikia mwenye huzuni au kukata tamaa? Kila jibu hupewa alama kuanzia 0, yaani sijasumbuliwa kabisa, hadi 3, yaani karibu kila siku. Jumla ikifika 3, maswali tisa kamili yaulizwe. La tisa linahusu mawazo ya kujidhuru au kuona heri kufa. Wahudumu wengi huliruka kwa hofu ya kumtia mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo. Kuuliza hakupandi wazo hilo. Kwa aliye nalo, mara nyingi ndiyo nafasi ya kwanza kulitamka.

Maswali haya yaulizwe faragha, mume au mama mkwe akiwa nje, kwa sababu lipo swali jingine linaloambatana nayo: kama nyumbani kuna kipigo, vitisho au kunyang'anywa kipato. Mwanamke anayepigwa hahitaji mafunzo ya kupanga muda. Anahitaji usalama, matibabu, ofisi ya ustawi wa jamii na, akitaka mwenyewe, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Kupunguza kabla ya kuongeza

Ushauri wa kujitunza una kasoro moja ya kudumu: humwongezea mtu kazi. Mwanamke mwenye majukumu ishirini huondoka kliniki na ishirini na matano: afanye mazoezi, aandike shajara, ale matunda matano, anywe maji lita mbili, atafakari. Akishindwa hujilaumu, na lawama ni mzigo wa ishirini na sita. Kumwambia aliyebeba ndoo tatu za maji kichwani tangu asubuhi kwamba afanye mazoezi ni kutomsikiliza.

Njia iliyo bora huanza kwa kutoa. Kwa wiki moja mwanamke aandike kila anachofanya tangu kuamka hadi kulala, zikiwemo zile kazi zisizoonekana: kukumbuka siku ya kliniki ya mtoto, kuhesabu kama gesi au mkaa utafika mwisho wa mwezi, kujibu kundi la simu la wazazi wa darasa la tatu. Asiyeandika anaweza kumsimulia binti au mhudumu wa afya wa jamii akaandika. Orodha hiyo huwashangaza wengi, akiwemo mwenye nayo. Kisha kila kazi iulizwe: je, ni yeye peke yake awezaye kuifanya? Je, yupo mwingine nyumbani anayeweza, hata kama hataifanya vizuri kama yeye? Na isipofanyika wiki hii, nani atadhurika? Kunyonyesha kunabaki kwake. Kupiga pasi shuka hakumdhuru mtu kukiachwa.

Sehemu ngumu ni ile ya katikati. "Nisaidieni jamani" ni ombi lisilo na mwenyewe, na kila aliyepo hudhani ameambiwa mwingine. Ombi linalotekelezeka hutaja mtu, kazi na siku: "Baba watoto, kuanzia Jumatatu wewe ndiye utakayemwandaa mdogo na kumpeleka shule, mimi nikitoka zamu ya usiku nitalala." Kazi ikishakabidhiwa, isisimamiwe. Soksi zikivaliwa pea mbili tofauti, mtoto atafika shule. Wavulana wa miaka kumi wanaweza kuosha vyombo na kufua sare zao. Inayowazuia ni desturi, wala si mikono.

Kuhusu kumuuguza mzazi, kikao cha familia ni tiba halisi. Katika koo nyingi mgonjwa huangukia kwa binti aliye karibu, au kwa yule aliyesomea uuguzi, na kaka hutuma pesa akaona amemaliza. Pesa ni msaada, lakini haimgeuzi mgonjwa usiku. Mhudumu anaweza kumwandikia mgonjwa barua fupi kwa familia, yenye muhuri, inayoeleza kwamba mwangalizi huyu naye yuko chini ya matibabu na anahitaji usiku mbili kwa wiki bila zamu. Si kila binti anaweza kumwambia kaka mkubwa "nimechoka". Barua ya daktari inaweza kulisema hilo kwa niaba yake bila kuvunja adabu.

Baada ya nafasi kupatikana, cha kwanza kuiingia ni usingizi. Mtu mzima anahitaji walau saa 7. Anayetoka zamu ya usiku alale chumba chenye giza, simu ikiwa kimya, na wenye nyumba waambiwe kwamba aliyelala mchana yuko kazini. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu hukaa mwilini saa nyingi. Vikinywewa jioni hukopa nguvu za kesho. Vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa dukani bila cheti, hususan diazepamu, viepukwe: huleta utegemezi, na usingizi wake hauondoi chanzo.

Chakula kifuate. Mwanamke anayepakua wa mwisho hula mchuzi uliobaki. Maini, dagaa, nyama, maharage na mboga za majani huongeza madini chuma, na chungwa au ndimu husaidia kuyafyonza. Chai na kahawa huyazuia, kwa hiyo visinywewe pamoja na mlo wala na kidonge cha madini chuma. Vikae mbali kwa saa moja au mbili. Choo kuwa cheusi wakati wa kumeza vidonge hivyo ni kawaida.

Kwa kutuliza moyo unaokwenda mbio, pumzi ya polepole hufaa na haina gharama: kuvuta hewa kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, dakika tano, mara mbili kwa siku. Hata ndani ya daladala inawezekana.

Mikopo haiponi kwa pumzi. Mikopo ya haraka ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu imewafikisha kliniki wanawake wengi wasiolala, na mhudumu asione aibu kuuliza kuhusu madeni. Kanuni ya kwanza ni kutokopa pengine ili kulipa pale. Ya pili ni kumwambia mtu mmoja wa kuaminika kiasi chote, kwa sababu deni la siri hutafuna zaidi. Vikoba navyo vitazamwe kwa jicho hilohilo: vingine ni nguzo, vingine vimekuwa marejesho ya nne kwa wiki.

Kuna thamani kubwa pia katika kuzungumza na mtu aliyefunzwa kusikiliza. Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 huduma ambayo wanawake watu wazima wa mtaani, waliopewa mafunzo, huketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kuchagua tatizo moja, kulitafutia hatua moja, kisha kurudi kueleza limefikia wapi. Wenyeji huita maradhi hayo kwa Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mswahili anayesema "nina mawazo" analielewa mara moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kituo kisicho na daktari wa akili bado kinaweza kuwa na benchi.

Upande wa kazini

Wanawake ni takribani asilimia 70 ya nguvukazi ya sekta ya afya na huduma za jamii duniani, kwa hiyo msomaji wa makala haya huenda ni mhudumu na mgonjwa kwa wakati mmoja. Dalili ya kujichunguza ni ile ya pili ya Maslach. Muuguzi aliyekuwa mpole anapoanza kuwafokea wajawazito, wengi husema ana roho mbaya. Pengine amekauka. Anayefokewa ana haki ya kulalamika, lakini karipio peke yake halitamrudishia muuguzi upole wake.

Msemo wa "wanawake jeshi kubwa" hupendwa kila Machi 8. Jeshi lolote, hata hivyo, hupumzishwa kwa zamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka, na anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Mganga mfawidhi anayeahirisha likizo za watumishi mwaka hadi mwaka kwa sababu ya uhaba huona ameokoa zamu. Siku watatu watakapougua kwa pamoja atazilipa zote. Ratiba inayotolewa mapema, zamu ya usiku isiyofuatwa papo hapo na ya asubuhi, na chumba chenye kiti cha kukaa dakika kumi havihitaji bajeti mpya. Na pale ambapo tatizo ni watumishi wawili kufanya kazi ya sita, kumfundisha kila mmoja kujitunza ni kumtwika yeye kosa la mfumo.

Pasipo kusubiri

Mwanamke mwenye mawazo ya kujiua au ya kumdhuru mtoto asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na dawa za wadudu na vidonge vilivyomo nyumbani vitunzwe na mtu mwingine. Vivyo hivyo aliyejifungua karibuni ambaye halali kabisa, anasikia sauti au anazungumza yasiyoeleweka. Maumivu ya kifua, kuzimia, kuishiwa pumzi akiwa amekaa, au damu ya hedhi inayolowesha pedi kila saa ni dharura pia.

Mkunga wa mfano alipata alama 11 katika maswali tisa, bila mawazo ya kujidhuru. Alianza vidonge vya madini chuma na dawa ya kupunguza hedhi, akapewa siku 14 za likizo aliyokuwa akiidai tangu mwaka uliopita, na barua ikaenda kwa kaka zake. Mmoja alikuja kumchukua mama kwa wiki mbili za kila mwezi, mwingine hakujibu. Baada ya wiki sita himoglobini ilikuwa 10.7 na alama zimeshuka hadi 6. Marejesho bado yapo, na siku za zamu ya usiku bado humwia nzito. Vidonge vitaendelea kwa miezi mitatu baada ya damu kufika kiwango cha kawaida, maswali tisa yatarudiwa mwezi ujao, na kuhusu fibroidi ameandikiwa kuonana na daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake.